Je, sauti ndiyo iliyomwangusha Clara Bow?

Swali: "Mwalimu, nimekutana na kipande cha filamu bubu ya msichana wa Marekani anayeitwa Clara Bow. Ni cha sekunde thelathini tu, lakini nimekirudia mara nyingi, sijui kwa nini. Chini yake watu wameandika kwamba alikuwa nyota mkubwa, ila siku filamu zilipoanza kusema, watazamaji wakasikia lafudhi yake ya uswahilini, wakamcheka, kazi ikaishia hapo. Ni kweli? Na kama si kweli, kwa nini aliacha kuigiza akiwa na miaka 28?" Msomaji wa kike, Morogoro.

Jibu:

Dada yangu, si kweli. Filamu yake ya kwanza ya sauti, The Wild Party, ilitoka Aprili 1929 na ikajaza kumbi. Wenye majumba ya sinema Marekani walikuwa na desturi ya kutaja nyota anayewaletea wateja wengi kuliko wengine. Mwaka 1928 wa kwanza alikuwa Clara Bow. Mwaka 1929, ambao watu walikuwa wameshamsikia akisema, akawa wa kwanza tena, na 1930 akashika nafasi ya pili. Januari 1929 peke yake aliandikiwa barua zaidi ya 45,000. Tena baada ya filamu bubu 46 aliigiza filamu 11 za sauti. Mtu aliyeponzwa na sauti huzikwa na filamu ya kwanza, hafiki ya kumi na moja.

Hata hivyo, lisemwalo lipo. Maikrofoni ilimtesa kweli Clara Bow, ila si kwa namna wanayoisema hao walioandika chini ya kile kipande chako. Ili nikueleze ilivyomtesa, sina budi kuanzia mbali kidogo.

Alizaliwa Brooklyn, New York, tarehe 29 Julai 1905. Watoto wawili waliomtangulia walikufa wachanga. Baba yake, Robert, hakudumu na kazi. Mama yake, Sarah, alikuwa na kifafa na maradhi ya akili. Waliishi nyumba za kupanga, leo hapa kesho pale, na mtoto alikulia barabarani akicheza na kupigana na wavulana. Alikuwa na rafiki mdogo aliyeitwa Johnny. Siku moja nguo za Johnny zilishika moto, na kwa masimulizi ya Clara mwenyewe mtoto yule alifia mikononi mwake. Likumbuke hilo, nitalirudia.

Mwaka 1921 majarida ya filamu yalitangaza shindano la kutafuta sura mpya. Clara, miaka 16, aliomba baba yake dola moja, akaenda Coney Island, kule kwenye bembea na mabanda ya starehe pwani ya New York, akapiga picha za bei rahisi, akazipeleka. Alishinda. Nyumbani habari hiyo haikupokewa kwa vigelegele, maana kwa mama yake mwigizaji na kahaba walikuwa kitu kimoja. Usiku mmoja wa Februari 1922 Clara alizinduka usingizini akamkuta mama amesimama juu yake, kisu cha kukatia nyama kikiwa shingoni mwake. Alijinasua. Mama alipelekwa hospitali ya wagonjwa wa akili na akafa Januari 1923. Usingizi wa Clara haukuwa usingizi tena baada ya hapo. Ukosefu wa usingizi ulimwandama mpaka utu uzima, na sidhani kama mtu anaweza kuyaelewa maisha yake akiuruka usiku ule.

Ushindi wenyewe haukumletea mengi. Katika filamu yake ya kwanza, Beyond the Rainbow ya 1922, vipande vyote alivyoonekana vilikatwa (vilirudishwa baadaye, alipokwisha kuwa jina). Kilichomtoa ni Down to the Sea in Ships, hadithi ya wawindaji wa nyangumi iliyopigwa New Bedford, Massachusetts, ambamo aliigiza binti mtukutu anayejificha melini. Jukumu lilikuwa dogo, lakini watu walitoka ukumbini wakimzungumza yeye. Mwaka 1923 mtayarishaji B. P. Schulberg akamwita Hollywood kwa mkataba wa majaribio wa dola 50 kwa wiki.

Hapa ndipo ningependa ukaze macho, kwa sababu masimulizi ya mitandaoni hupaacha kabisa. Schulberg alikuwa na kampuni ndogo, na Clara alikuwa mali yake ya kukodisha. Kampuni nyingine ikimtaka, inamlipa Schulberg, Schulberg anampa Clara mshahara wake uleule, tofauti inabaki mfukoni mwa tajiri. Ni kama mwenye bodaboda na dereva wake, ila huyu dereva ndiye pia bodaboda. Mwaka 1925 pekee alionekana katika filamu 14: sita za kampuni yake, nane za kukodishwa. Gawa miezi kwa filamu uone. Alikuwa hajafikisha miaka 21.

Kampuni ile ilifilisika, Schulberg akahamia studio kubwa ya Paramount, akaenda naye. Ndipo zikaja filamu zilizomfanya awe Clara Bow tunayemtaja leo. Mantrap ya 1926, iliyoongozwa na Victor Fleming, mimi binafsi naiona bora kuliko zote: anaigiza mke wa mjini aliyeolewa porini, anayemtazama kila mwanamume kama mtu anayechagua embe sokoni, na bado huwezi kumchukia. Kisha 1927 ikaja It. Elinor Glyn, mwandishi Mwingereza, alikuwa akihubiri kwamba baadhi ya watu wana "kile kitu" (kwa Kiingereza, it), mvuto usioelezeka, wala si uzuri wa sura tu. Paramount ilimlipa dola 50,000 kwa wazo hilo, ikampa Clara jukumu la muuza duka anayempenda tajiri mwenye duka. Mwaka huohuo ikatoka Wings, ya marubani wa Vita Kuu ya Kwanza, ambayo tarehe 16 Mei 1929 ilitunukiwa kuwa filamu bora katika tuzo za kwanza kabisa za Academy, zinazoitwa Oscar leo. Clara humo ni binti wa jirani anayeenda vitani kuendesha gari la wagonjwa.

Sasa tuje kwenye kile kipande chako cha sekunde thelathini na sababu ya kukirudia.

Studio ya filamu bubu haikuwa kimya hata kidogo. Seremala walikuwa wakigonga misumari ya seti ya jirani, kamera ikikereza, na mwongozaji akisema na mwigizaji huku picha inachukuliwa: "Geuka! Umemwona! Sasa umemkumbuka mama yako, lia!" Pembeni hukaa wapiga muziki wawili watatu, kazi yao kumtia mwigizaji hisia. Clara alikuwa akilia kwa kuombwa, na wapiga muziki walijua ufunguo: walimpigia wimbo wa kubembelezea watoto, naye machozi yakamtoka. Alisema unamkumbusha Johnny.

Kitu cha pili ni mwili. Waigizaji wengi wa enzi zile walipanga hisia mojamoja kama sahani mezani: sasa hofu, sasa furaha. Clara alizipitisha tatu nne usoni kwa pumzi moja, na hazikuwa usoni tu. Alikuwa akiigiza kwa mabega, kwa viganja, kwa namna ya kumgusa kila aliye karibu naye, mkono begani, kidole kwenye kola. Hakukaa palepale. Kipande kimoja akikirudia mara tatu, anakifanya kwa namna tatu, na wapiga kamera walijifunza kumfuata badala ya kumwambia asimame wapi. Wengi wetu tumetazama filamu za Kihindi au Kichina kwenye kibanda umiza bila kujua neno moja la lugha yake, tukacheka na kulia panapostahili. Macho yako yamezoea kazi hiyo, ndiyo maana yalimnasa Clara mara moja.

Nywele zake, kwa taarifa yako, zilikuwa nyekundu kama moto. Huwezi kuzijua katika filamu hizi, kwa sababu utepe uliotumika zamani haukuona rangi nyekundu. Nyekundu ilitoka nyeusi. Midomo iliyopakwa rangi ikatoka kama wino, na ndiyo sababu ile michoro ya midomo yenye umbo la kopa inaonekana kali vile. Watazamaji waliisoma rangi ya nywele zake majaridani, wakamwiga kwa hina. Ndiyo, hina hiihii ya harusi zetu, wao wakipaka kichwani.

Oktoba 1927 The Jazz Singer, filamu yenye maneno ya kusikika, ilionyeshwa, na ndani ya miaka miwili filamu bubu ilikuwa imekwisha Hollywood. Kilichobadilika si kwamba waigizaji walianza kusema tu. Kamera ilikuwa na kelele, na maikrofoni ikazinasa. Dawa yake? Kamera na mpiga kamera wakafungiwa ndani ya kibanda kisichopitisha sauti, chenye joto la tanuri, na kibanda hakikimbizani na mtu. Taa za zamani zilinguruma, zikaondolewa, zikaletwa nyingine zilizochoma ngozi. Maikrofoni ikafichwa kwenye chombo cha maua, na mwigizaji akaambiwa aseme akiwa karibu na maua hayo. Akisogea hatua mbili, sauti imepotea. Mwongozaji akafunga mdomo. Wapiga muziki wakarudishwa kwao.

Mweke Clara Bow humo. Hakuna wa kumwambia "sasa lia", hakuna wimbo wa Johnny, hakuna ruhusa ya kuzunguka. Badala yake kuna maneno ya kukariri, na maikrofoni inaning'inia juu ya kichwa ikisubiri akosee. Ilitokea mara nyingi kwamba katikati ya maneno macho yake yalipanda juu yenyewe kuitazama maikrofoni, na kipande chote kikawa cha kurudiwa. Waliokuwa naye wanasimulia hofu iliyokuwa ikimtetemesha mwili.

Mtu mmoja alilielewa tatizo. Mwongozaji wa The Wild Party alikuwa Dorothy Arzner, mwanamke pekee aliyekuwa akiongoza filamu katika studio kubwa za wakati ule, na alikuwa ameshafanya kazi na Clara katika Get Your Man ya 1927. Arzner anasifiwa kwa kuwaambia mafundi wafunge maikrofoni kwenye ufito wa kuvulia samaki, waishike juu ya kichwa cha Clara na kumfuata nayo aendako. Leo kila mwenye kupiga tamthilia Dar au Nairobi ana kijana ameshika fimbo ndefu yenye maikrofoni. Basi mojawapo ya mizizi ya fimbo ile ni msichana wa Brooklyn ambaye hakuweza kusimama palepale.

Na lafudhi? Alikuwa nayo, hakuificha. Hollywood ilipoingia hofu ya sauti iliagiza waigizaji kutoka majukwaa ya New York na walimu wa matamshi, ikaamua kwamba Kiingereza cha heshima kinatamkwa namna moja. Sisi hatuna haja ya kuelezwa jambo hilo. Tunajua mtu anavyopimwa kwa lafudhi kabla hajamaliza sentensi, Msukuma akiwa Dar, mtu wa bara akiwa Unguja. Wakubwa wa Hollywood walikuwa wakimkwepa Clara kwenye karamu zao kwa ajili ya usemi wake na adabu zake tangu enzi ya filamu bubu. Waliomcheka walikuwa hao. Mnunuzi wa tiketi alikuwa mtu wa mtaani kama yeye.

Wapo ambao sauti iliwaumiza kweli. Vilma Bánky, Mhungaria, hakudumu katika filamu za Kiingereza. Emil Jannings alirudi kwao Ujerumani. Lakini Greta Garbo aliingia filamu za sauti mwaka 1930 na Kiswidi chake kikisikika katika kila neno, na akapaa zaidi. Kwa hiyo hata kanuni yenyewe, kwamba lafudhi inaua, haisimami. Picha tuliyo nayo vichwani ya nyota wa filamu bubu anayefungua mdomo na kutoa sauti ya kuchekesha inatokana sana na filamu moja ya muziki ya Hollywood ya 1952. Ni ya kubuni, na inachekesha haswa. Watu wameigeuza kuwa historia.

Kilichommaliza kilikuwa uchovu, na juu ya uchovu ikaja aibu ya hadharani. Katibu wake, ambaye pia alikuwa rafiki wa kushinda naye, alishtakiwa kwa wizi, na kesi ikasikilizwa Los Angeles Januari 1931. Alipatikana na hatia katika shtaka moja akahukumiwa miezi 18. Lakini aliyeonekana kama mshtakiwa ni Clara: barua za wapenzi wake, hesabu zake za pombe, nguo na vito, kila kitu kilisomwa na nchi nzima asubuhi na chai. Kisha gazeti moja dogo likachapisha masimulizi ya uchafu juu yake, mabaya kiasi kwamba mchapishaji alifungwa kwa kutuma machukizo kwa posta. Kufungwa kwake hakukuyafuta. Baadhi ya uzushi wa aina hiyo bado unazunguka, na ukiuona kwenye simu yako, upite.

Mwili ukagoma. Mwaka huohuo alilazwa kwenye nyumba ya mapumziko ya wagonjwa, jukumu lake katika City Streets akapewa Sylvia Sidney, na akaachana na Paramount. Ukitazama hilo peke yake utasema amefukuzwa. Lakini alipotia saini mkataba wake wa miaka mitano mwaka 1926, wa kuanzia dola 1,700 kwa wiki na kupanda hadi 4,000, alitangaza wazi kwamba ukiisha 1931 ataacha filamu. Alikuwa na miaka 21 aliposema hivyo, na alikuwa amechoka tayari.

Desemba 1931 aliolewa Las Vegas na Rex Bell, mwigizaji wa filamu za wachunga ng'ombe, wakahamia shamba la mifugo karibu na Searchlight, jangwani Nevada. Alirudi mara mbili, kwa kampuni ya Fox, katika Call Her Savage ya 1932 na Hoop-La ya 1933. Call Her Savage ndiyo filamu ninayowaonyesha wanaoshikilia hadithi ya sauti: anacheka, anapayuka, anapigana, ananong'ona, anabeba filamu nzima. Baada ya hizo mbili hakuigiza tena. Kwa hiyo kwa swali lako la pili, dada, aliacha na milango ikiwa wazi, si kwamba ilifungwa usoni pake.

Sitakudanganya kwamba jangwani alipata raha. Alizaa watoto wawili wa kiume, 1934 na 1938. Mumewe akaingia siasa. Mwaka 1944, Rex Bell akigombea Bunge la Marekani, Clara alijaribu kujiua. Mwaka 1949 aliingia hospitali ya akili Hartford, Connecticut, akilalamikia usingizi na maumivu ya tumbo, na madaktari wakamtaja kuwa na skizofrenia. Miaka yake ya mwisho aliishi Culver City, mbali na mumewe ambaye alikuwa amechaguliwa naibu gavana wa Nevada na akafa 1962. Clara alifariki tarehe 27 Septemba 1965, miaka 60, kwa maradhi ya moyo.

Sehemu kubwa ya kazi yake haipo. Utepe wa nitrati wa wakati ule huwaka na huoza, na studio hazikuona faida ya kuutunza; uchunguzi wa Maktaba ya Bunge la Marekani wa 2013 ulikuta kwamba katika filamu ndefu bubu karibu 11,000 za nchi hiyo, ni asilimia 14 tu zilizobaki katika hali yake ya awali. It yenyewe ilidhaniwa imepotea mpaka nakala ilipopatikana Prague miaka ya 1960. Wings nayo ilidhaniwa imepotea, ikaonekana Paris.

Kwa kuwa umeshaonja, anza na It. Ni dakika 72, na tangu Januari 2023 haina tena hakimiliki Marekani, hivyo utaipata mtandaoni bure na kwa halali. Muziki utakaousikia umewekwa baadaye na watu wengine, mara nyingi kwa pupa. Jaribu kuuzima kabisa. Mtazame anavyokata gauni lake la kazini kwa mkasi akiwa amelivaa, ili aende kula chakula cha jioni kwenye hoteli ya kitajiri ya Ritz. Kisha mfuate Coney Island ya filamuni, ukikumbuka zile picha za dola moja. Ukimaliza, itafute The Wild Party, ambayo nayo iko huru tangu 2025, uisikilize sauti yenyewe kwa masikio yako. Ni ya haraka, ya puani kidogo, ya msichana wa Brooklyn, na kila neno linasikika.